Kidole au kiganja: mashine ipi ifungwe mlangoni?

Saa 12 kasoro asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Arusha inauma. Mama wa usafi amesimama mbele ya mlango wa kioo wa jengo moja la ofisi mjini, kidole gumba kiko juu ya mashine. Mashine inalia, taa nyekundu. Anakipuliza kidole, anakifuta kwenye khanga, anakipitisha ubavuni mwa pua kipate mafuta kidogo, anakirudisha. Nyekundu tena. Nyuma yake wameshajipanga watu wanne, na mlinzi anamwambia, "Mama, bonyeza kwa nguvu." Amebonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

Mashine ile niliifunga mimi. Ilikuwa mpya, na nilipoifungua kuikagua sikukuta ubovu wowote. Mama naye hakuwa na kosa. Amefua na kudeki miaka mingi, na jiki na sabuni ya unga zimeilamba ile mistari myembamba ya kidole ambayo mashine huitafuta. Tangu siku hiyo, mteja akinipigia kutoka Njiro, Sakina au Moshi mjini akaniuliza, "Fundi, nifunge ya kidole au hii ya kiganja?", sianzi na bei wala ukubwa wa jengo. Namuuliza ni mikono ya nani itakayopita pale kila asubuhi.

Nawaandikia wenye majengo, mameneja wa ofisi, wakuu wa shule na wasimamizi wa hospitali ambao wako kwenye kuchagua. Nitalinganisha zaidi kidole na mishipa ya kiganja, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa siku hizi. Kadi na sura nitazigusa pia, maana mara nyingine jibu liko huko.

Kila mashine inasoma nini

Mashine ya kidole inasoma ngozi. Ukikitazama kidole chako juani utaona matuta membamba yanayozunguka. Mashine inatafuta mahali tuta linapokatika au linapogawanyika mawili, inapima nafasi kati ya sehemu hizo, kisha inaitunza hesabu hiyo kama namba. Yote inayoyahitaji yako juu ya ngozi, na ngozi ya juu ndiyo inayokutana na jembe, saruji, sufuria la moto na maji ya kudekia.

Mashine ya kiganja inatazama chini ya ngozi. Inamulika kiganja kwa mwanga usioonekana kwa jicho, unaokuja baada tu ya mwanga mwekundu, uitwao infraredi ya karibu. Damu inayorudi moyoni, iliyokwisha kutoa oksijeni yake, hunyonya mwanga huo kuliko nyama iliyoizunguka, hasa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 760 hivi. Ndiyo maana kwenye picha ya mashine vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinatokea nyeusi, kama mito ya Kilimanjaro ukiitazama kwenye ramani, na sehemu nyingine ya kiganja inabaki nyeupe. Mashine inachukua mchoro wa mito hiyo, inaugeuza kuwa namba, na kila ukija inalinganisha. Kiganja chako cha kulia na cha kushoto havifanani, na kwa mtu mzima mchoro haubadiliki kirahisi.

Wengi wananiuliza kama weusi wa ngozi yetu hautaizuia mashine hii. Ni swali la maana, kwa kuwa vifaa vingi vinatengenezwa mbali na kujaribiwa kwa watu wa huko. Rangi ya ngozi, melanini, hunyonya sana mwanga wa kawaida, lakini kadiri mwanga unavyosogea kuelekea infraredi ndivyo melanini inavyoupitisha zaidi. Halafu kiganja chenyewe kina melanini kidogo kuliko mgongo wa mkono. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyekataliwa na mashine ya kiganja kwa sababu ya weusi wake. Mashine za sura ni habari nyingine. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua sura, ikakuta kwamba nyingi kati ya hizo zilikosea mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko za Wazungu, kwa maana ya kumdhania mtu kuwa mwingine. Kuna programu zilizofanya vizuri, kwa hiyo sisemi sura haifai. Nasema anayekuuzia mashine ya sura umwombe akuonyeshe ikifanya kazi kwa watu wako, pale pale mlangoni.

Teknolojia ya mishipa si ya jana. Mhandisi Mwingereza Joe Rice alianza kuifanyia kazi miaka ya 1980. Japani ndiyo iliyoifikisha kwa watu wa kawaida: mwaka 2004 Benki ya Tokyo-Mitsubishi ilianza kutumia kisomaji cha kiganja cha kampuni ya Fujitsu kwa wateja wake, na Hitachi wakashika njia ya mishipa ya kidole. Ukisikia "mashine ya mishipa", basi, uliza kwanza ni ya kiganja au ya kidole. Maelezo yangu hapa ni ya kiganja.

Mikono ya kwetu

Hapa ndipo napenda watu wakae kidogo, maana pesa nyingi hupotea hapa.

Mnakumbuka usajili wa laini za simu. Ulianza tarehe 1 Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Shangazi yangu wa Kibosho, aliyelima kahawa na migomba maisha yake yote, alirudi kwa wakala mara tatu. Dole gumba likakataa, cha shahada kikakataa, mwishowe kikakubali kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakikushika sana jembe. Hakuwa peke yake. Foleni zile zilijaa wazee, wakulima na mafundi ujenzi waliokuwa wanajisugua vidole kwenye nguo.

Sasa mtazame mwenye jengo wa mjini Arusha aliyepangisha ghorofa ya pili kwa wachongaji wa tanzanite. Kijana anayechonga vito anashinda na jiwe karibu na gurudumu linalozunguka, maji yanatiririka, unga wa kunolea unapita kwenye ncha za vidole vyake. Jioni kidole chake ni laini kama kioo cha simu. Katika jengo la namna hiyo niliwahi kufunga mashine ya kidole kwa sababu mteja alitaka unafuu. Ndani ya miezi miwili vijana walikuwa wanagonga mlango kwa ngumi na mwenzao aliye ndani anawafungulia. Chumba chenye mawe ya thamani kikawa kinafunguliwa kwa kugonga. Mashine ilikuwepo ukutani, taa zinawaka, na ulinzi haukuwepo.

Orodha ya mikono inayosumbuliwa na mashine ya kidole ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wapo wapishi wa hoteli, mafundi rangi, wanaokata maua kwenye mashamba ya kuelekea Usa River, na wauguzi wanaonawa na kupaka kitakasa mikono mara nyingi kwa zamu moja. Wazee pia, kwa sababu ngozi hukauka na matuta hupungua umri unavyokwenda. Wapo hata wagonjwa: dawa ya saratani iitwayo capecitabine huweza kuathiri ngozi ya viganja na nyayo kiasi cha kufifisha alama za vidole. Mtu huyo amebeba mzigo wa kutosha, haifai mlango wa ofisi nao umkatae.

Kwa mikono yote hiyo kiganja kinashinda kwa mbali. Mikwaruzo, ukavu na sugu za juu haziisumbui sana mashine inayotafuta mito ya damu chini. Na kwa kuwa kiganja hakigusi kitu, hospitali na jiko la hoteli vinapata faida nyingine: watu 200 hawashiki kioo kimoja.

Lakini nisikifanye kiganja kuwa malaika. Kina adabu yake, na watu wanahitaji kufundishwa. Nilisajili walinzi wa jengo moja Moshi. Mzee wa zamu ya usiku alipofika aliisalimia mashine kwa kuikandamiza, kama anavyogonga muhuri. Nyekundu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hebu fungua mkono kama unasimamisha bodaboda. Sasa ulaze hewani, usiiguse." Mkono ukaenda juu mno. Nikaushika kwa chini, nikaushusha taratibu mpaka ukabaki upana wa vidole vitatu hivi juu ya kioo. "Tanua vidole kidogo, mzee. Tulia." Ule mkono ulikuwa unatetemeka, tukangoja. Mara ya tatu ikawaka kijani. Akauondoa, akaurudisha mwenyewe bila kuambiwa, kijani tena, akacheka. Ilituchukua dakika nne. Tangu siku hiyo kwa kila mtu naweka muda huo kwenye hesabu ya kazi, na mteja anayetaka niwasajili watu 80 kabla ya chai namkatalia kwa heshima. Usajili wa haraka ndio unaozaa mlango msumbufu.

Mashine nyingi za kiganja zina kiegemeo cha kifundo cha mkono, na ukiweza kukipata chukua hicho. Mkono unaotetemeka unatulia juu yake. Glavu nene hazipiti, bandeji haipiti, kwa hiyo sajili mikono yote miwili. Kama watu wako hupaka hina au piko, wajaribishe kabla hujalipa.

Baridi, jua na vumbi

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa. Tofauti hiyo inafika mpaka kwenye mashine. Mtu akija kwa bodaboda kutoka Ngaramtoni asubuhi ya Julai bila glavu, mishipa ya mikono yake imejibana kutunza joto la mwili, na damu inayopita ni kidogo. Mashine ya mishipa inaweza kumwambia arudie. Kiganja kinastahimili baridi kuliko mashine ya mishipa ya kidole kwa sababu eneo lake ni kubwa na mishipa yake ni mingi. Dawa ni kusugua mikono kwa nusu dakika. Baridi hiyo hiyo inakausha ngozi, na mashine ya kidole inagoma kwa sababu yake, ila kule kusugua tu hakutoshi. Watu wanaishia kupitisha kidole ubavuni mwa pua.

Moshi shida ni jua. Mwanga wa jua umebeba infraredi ileile inayotumiwa na mashine ya kiganja, na kwa wingi. Ukifunga kisomaji kwenye mlango unaotazama magharibi, saa 10 jioni jua linakipiga usoni na kinakuwa kama mtu anayetazama taa kubwa za gari usiku. Nilikihamisha kimoja hatua tatu tu, kutoka nje ya ukuta kwenda ndani ya kibaraza, na malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo. Kama lango lako liko wazi barabarani, jua limelipiga na mvua ya masika imelinyea, kiganja kisifungwe hapo. Kifunge kwenye mlango wa ndani, langoni weka kadi.

Vumbi linasumbua zote mbili. Kioo cha kidole kinachafuka haraka zaidi kwa mafuta ya mikono. Kitambaa laini kila asubuhi kinatosha, ila apangiwe mtu, vinginevyo hakuna atakayekifuta.

Mwizi anaingiaje

Kidole kina udhaifu mmoja wa asili: unakiacha kila unapogusa. Glasi ya soda, mlango wa gari, kioo cha mashine yenyewe. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto wa Yokohama, Japani, alionyesha kwamba kidole cha bandia cha jelatini, kitu kama peremende laini za watoto, kinaweza kuzidanganya mashine nyingi za wakati huo. Mwaka 2014 Mjerumani Jan Krissler akaonyesha alama ya kidole cha waziri wa ulinzi wa nchi yake aliyoitengeneza kutokana na picha za kawaida za kamera. Mashine za sasa ni bora kuliko za 2002, lakini zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa madukani si zote zinazojua kutofautisha ngozi hai na mpira.

Mishipa huiachi mahali. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo haimaanishi haiwezekani kuiga. Krissler huyo huyo, akiwa na mwenzake Julian Albrecht, mwaka 2018 walionyesha mkono wa nta uliozidanganya mashine za mishipa. Walitumia kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi, wakapiga picha zaidi ya 2,500 kwa muda wa siku 30 mpaka wakapata njia. Ukinunua mashine ya kiganja, basi, uliza toleo lake ni la mwaka gani na programu yake inasasishwa na nani.

Kuhusu idadi ya makosa, Fujitsu walitangaza kwamba mashine yao humkubali mtu asiyehusika kwa asilimia 0.00008 tu, na kumkataa anayehusika kwa asilimia 0.01, kwa majaribio ya viganja 140,000. Ni takwimu za mtengenezaji mwenyewe, zichukue hivyo. Asilimia 0.00008 ni sawa na 1 kati ya 1,250,000. Angalia sasa jambo ambalo wauzaji hawalielezi: hesabu hiyo ni ya kiganja kimoja kulinganishwa na kiganja kimoja. Ukisajili watu 300, mgeni akitandaza mkono mashine inamlinganisha na wote 300, na nafasi ya kukosea inapanda mpaka 1 kati ya 4,000 hivi. Bado ni ndogo. Lakini kwa chumba cha fedha, dawa au vito, agiza mtu aguse kadi kwanza ndipo atandaze kiganja. Kadi inaiambia mashine "mimi ni fulani", na mashine inalinganisha na fulani mmoja tu. Usalama unapanda na kasi pia inapanda.

Na kadi peke yake? Zile nyeupe nene zinazosomwa kwa mawimbi ya redio ya kilohezi 125, zilizojaa kwenye majengo yetu, zinanakiliwa kwa kifaa cha mkononi kwa sekunde chache. Za megahezi 13.56 ni afadhali, ingawa aina iitwayo MIFARE Classic, iliyo maarufu sana, ulinzi wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Kasoro kubwa zaidi ya kadi ni ya kibinadamu: inaazimwa. "Nishikie kadi yako nikachukue chaji yangu" ni maneno utakayoyasikia kila ofisi. Kiganja hakiazimwi.

Lakini ukiniuliza katika miaka yangu ya kazi mji huu wezi wameingiaje, sijaona nta wala jelatini. Wameingia nyuma ya mtu aliyefungua mlango na kuwashikilia kwa adabu, au wameingia kwa suti na begi la kompyuta mlinzi akawasalimia. Mashine yoyote utakayonunua, mlango usiojifunga wenyewe umeshindwa. Kabla ya kulipia kiganja, lipia kwanza kile chuma cha juu kinachourudisha mlango. Ni kitu cha bei ndogo, na nimekuta majengo ya fahari hayana.

Umeme ukikatika

Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha. Kufuli la sumaku, lile bapa linaloshika mlango kwa juu, linashika kwa umeme tu. Umeme ukienda, mlango unakuwa wazi. Kwa upande wa moto hilo ni jema, watu wanatoka bila kuuliza ruhusa, na ndivyo inavyotakiwa kwenye njia za kutokea. Kwa stoo ya dawa si jema. Huko funga kufuli la umeme linalobaki limefungwa nje lakini kwa ndani linafunguka kwa kitasa.

Kidole na kiganja zote mara nyingi hutumia volti 12, na betri ya akiba ya saizi ya ile ya pikipiki inaweza kuzibeba kwa saa kadhaa pamoja na sumaku. Kinachoua mashine hapa kwetu ni umeme unaporudi kwa kishindo. Usikubali fundi akuchomekee mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani bila kifaa cha kutuliza umeme. Kisomaji cha kiganja kikiungua, kipuri hukipati Arusha kwa siku moja. Cha kidole utakipata mjini kabla ya jioni. Hesabu hilo ni sehemu ya bei.

Na daima, daima, ufunguo wa kawaida uwepo mahali pawili panapojulikana.

Sheria, na heshima

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za bayometriki zinahesabiwa kuwa nyeti, ziwe za kidole, kiganja au sura. Ukikusanya unapaswa kujisajili kwenye Tume, na wafanyakazi waridhie kwa maandishi wakijua zinatumika kwa nini. Hapa kidole na kiganja viko sawa kisheria, lakini uzito wake haulingani. Alama ya kidole ndiyo inayotumika kwenye kitambulisho cha taifa na laini ya simu. Ikivuja kutoka kwenye kompyuta ya mapokezi yako, umemvujishia mtu kitu anachokitumia kwingine kwingi. Namba za mishipa zina matumizi machache nje ya mlango wako. Mwaka 2019 watafiti wa usalama walikuta mfumo mmoja wa kimataifa wa kufungulia milango ukiwa wazi mtandaoni, na alama za vidole za watu zaidi ya milioni 1 ndani yake. Neno la siri linabadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Kwa hiyo muulize muuzaji maswali haya na usikubali kuzungushwa: zile namba zinakaa kwenye mashine, kwenye kompyuta ya ofisi, au kwenye seva ya nje ya nchi? Zimefungwa kwa msimbo? Mfanyakazi akiacha kazi zinafutwaje, na nani anathibitisha? Nimeingia kwenye majengo nikakuta watu walioondoka miaka minne iliyopita bado wanaweza kufungua. Na asiyetaka kutoa kiganja chake, awe na njia ya kadi bila kusemwa.

Bei

Kiganja ni ghali, mara kadhaa ya kidole, na mafundi wanaoijua ni wachache. Kidole kinapatikana kila mahali. Kadi ndiyo nafuu kuliko zote ukihesabu mashine, lakini kadi zinapotea na kila mwaka unanunua nyingine. Usinunue kiganja kwa ajili ya kuonyesha wageni.

Mimi ningefunga ipi

Ofisi ya watu 10 wanaoshinda kwenye kompyuta, Njiro au Shanty Town: kidole, na usajili vidole viwili kwa kila mkono. Itakutumikia vizuri na utabaki na pesa yako.

Hosteli ya wanafunzi Moshi: lango lao ni la kukimbia, wanapita kwa mkumbo saa 2 usiku. Hapo kadi ya megahezi 13.56 yenye picha, na mlinzi macho. Kiganja kitatengeneza foleni mpaka barabarani.

Hospitali au zahanati: kiganja kwenye stoo ya dawa na maabara, kadi kwenye milango mingine. Muuguzi aliyetoka kunawa apite bila kugusa. Shule ya watoto wadogo usifunge bayometriki ya aina yoyote kwa watoto wenyewe. Mikono yao inakua na usajili utachakaa, na isitoshe haifai kukusanya alama za mtoto ili aingie darasani.

Jengo la wachongaji vito, jiko la hoteli, karakana, kiwanda cha kahawa, popote wanapofanya kazi kwa mikono: kiganja pamoja na kadi, ndani ya kibaraza, mbali na jua. Hapa sibishani na bei tena. Wenye jengo lile la ghorofa ya pili walibadilisha mwaka uliofuata, wakawa wamelipa mara mbili.

Kama bado una shaka, mwambie muuzaji alete mashine zote mbili na uzifunge kwa wiki moja kwenye mlango mmoja. Anayekataa kukuachia, achana naye. Usizijaribu wewe, meneja mwenye vidole vya kalamu. Siku ya kwanza njoo saa 12 kasoro asubuhi, kabla jua halijapanda, umsubiri mama wa usafi. Mwache aweke kidole mara tano, kisha kiganja mara tano, uhesabu taa za kijani. Jioni fanya hivyo kwa mpishi na kwa mlinzi wa usiku. Andika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo uniletee ukija kuniuliza.